Saa ya Kutoka Ziwa Lusungu

Usiku wa kuamkia Jumamosi niliota nimesimama langoni kwa Ziwa Lusungu, daftari kwapani, na mbele yangu, nyuma ya meza ya ofisi, ameketi kambale aliyevaa sweta la kijani.

Kambale hakunishtua. Kilichonishangaza ni meza, kwa sababu pale langoni meza haijawahi kuwepo. Mgeni huandikia juu ya goti.

"Karibu, Katibu," akasema. "Kitabu cha lango kimejaa. Leo tunatumia cha kwako."

Nieleze kwanza, maana bila hivyo hamtanielewa. Mimi ni Subilaga, katibu wa kikundi cha watu wanane wa Mbeya mjini. Kila baada ya wiki mbili tunakodi gari na kwenda kutembelea maziwa ya milimani upande wa Rungwe, yale ya duara yaliyojificha ndani ya vilima kama uji ndani ya bakuli. Tunashuka, tunapiga kasia, wanaojua kuogelea wanaogelea, tunakula ndizi za kuchoma, tunarudi. Ni burudani ya watu wanaokaa maofisini wiki nzima. Kazi yangu ni kuandika: jina, atokako, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Ninaandika kwa niaba ya wote, na ninaandika yote kwa mkupuo, hata saa ya kutoka, kwa sababu jioni watu wamechoka, wana tope hadi magotini, na mvua ya Rungwe haimsubiri mtu atafute kalamu. Hata mihtasari ya vikao huwa naiandika siku moja kabla, pamoja na sala ya kufunga. Miaka mitatu sasa hakuna aliyelalamika. Watu wanausifu mwandiko wangu.

Safari hii kulikuwa na mtu wa tisa. Wifi yangu Tusekile, mdogo wake mume wangu, anaishi kwetu tangu Januari akitafuta kazi. Kwa wiki sita alikuwa akiniomba nimpeleke ziwani, na kwa wiki sita nilimwambia nafasi zimejaa. Ijumaa jioni nikachoka kukataa. Nikaliongeza jina lake chini kabisa ya ukurasa, pembezoni, na pale nilipokuwa nimeandika "laifu jaketi 8" nikageuza nane kuwa tisa ili hesabu ilingane na watu. Majaketi yenyewe, yale ya kuelea majini, yako manane.

Dakika kumi baadaye mama mkwe akapiga simu kutoka Tukuyu.

"Subi, huyo ni kitinda mimba wangu. Na maji hayajui."

"Usiwe na wasiwasi, mama. Saa tisa tutakuwa tumeshatoka."

"Saa tisa kweli?"

"Kweli, mama. Nimeshaandika."

"Ndaga, mwanangu," akasema, yaani ahsante, na akakata simu akiwa ametulia. Nikaenda kulala, na nilipolala ndipo nikajikuta mbele ya kambale.

"Mstari wa kwanza," kambale akasoma. "Subilaga, wa Mbeya, ameingia saa nne, ametoka saa tisa. Na hawa saba wanaofuata?"

"Hivyo hivyo," nikasema. "Ndiyo maana nimeweka vistari viwili. Ni kama hapo juu."

"Kama hapo juu," akarudia. Akachovya sharubu moja kwenye wino, akaweka tiki. "Basi wapite walivyoandikwa."

Nageuka. Wanachama wangu saba wamepanga foleni. Juu ya shingo kila mmoja ni yeye mwenyewe, na kofia yake, na miwani yake. Chini ya shingo ni vistari viwili vyeusi, vifupi, vimesimama wima. Mwenyekiti wetu, Bwana Kapyela, ambaye tumbo lake huwa linatangulia kufika kila mahali, hana tumbo kabisa.

"Katibu," ananiambia kwa upole, "hali hii ni ya leo tu?"

"Nadhani," nasema.

Nikainua mguu wa kushoto, nao wakainua kistari cha kushoto. Nikapiga chafya, nao wakapiga chafya, wote saba. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Tusekile peke yake alikuwa mzima, ana mikono na miguu, kwa sababu jina lake lilichelewa na ilinibidi nimwandikie mstari wake kamili. Amevaa kaptula ya kaka yake, kaikaza kwa mkanda wa gauni. Anacheka peke yake. Alikuwa na furaha kiasi kwamba niliona aibu kwa zile wiki sita.

"Majaketi," akasema kambale.

Majaketi yalikuwa yameanikwa kwenye kamba nyuma yake. Yakajihesabu yenyewe kutoka kushoto. Moja. Mbili. Yalipofika nane yakanyamaza, na maji yakaendelea kudondoka.

"Daftari linasema tisa," kambale akayaambia.

"Kwa maandishi tuko tisa," likajibu lile la mwisho, lenye zipu mbovu. "Kwenye kamba tuko nane."

Nilidhani atanigombeza. Hakunigombeza. Aliweka pezi juu ya ukurasa, akaibandua ile tarakimu ya tisa taratibu, kama mtu anayebandua stempu kwenye bahasha, akaipuliza ikatanuka, akamvalisha Tusekile shingoni. Ilikuwa ya wino wa bluu, na mkia wake ukamfika kiunoni.

"Inanibana kidogo hapa," Tusekile akasema.

"Italegea ukifika majini," kambale akajibu.

Hapo nikaanza kuogopa. Nilitaka kusema kwamba wino na maji havikai pamoja, lakini ubao wa sheria uliosimikwa kando ya lango ulikuwa umeshajing'oa ardhini na kutangulia kwa miguu yake miwili ya mbao, na wote wakawa wanaufuata.

Njia inateremka katikati ya mianzi. Kila tukifika kwenye kona ubao unasimama na kusoma kwa sauti. "Usipige kelele. Usichukue chochote ila picha. Usiache chochote ila nyayo. Lango hufungwa saa tisa." Kisha unaendelea. Bwana Kapyela, ambaye hana mikono, akapiga picha ya mwanzi kwa kuukodolea macho, na mwanzi ukaondoka. Pakabaki tundu jeupe. Ubao ukasema hilo linaruhusiwa.

Chini ufukweni kuna korongo anaokota nyayo. Anazibandua mchangani moja moja na kuzipanga kama chapati, rundo la kwenda na rundo la kurudi. Zangu tayari ziko kwenye rundo la kurudi, ingawa ndiyo kwanza nimefika. Za wale saba pia ziko, vidoti vidogo vya vistari.

"Hizi je?" akaniuliza, akiwa ameshika unyayo mmoja mwembamba kwa ncha ya mdomo. "Zinaenda tu. Za kurudi sizioni."

Niliutambua ule unyayo. Kidole kidogo cha Tusekile kimepinda tangu alipoangushiwa mchi.

"Daftari linasema ametoka saa tisa," nikasema.

"Nyayo hazisomi daftari," akasema korongo.

Naangalia ziwa. Tusekile yuko katikati kabisa. Sikumwona akiingia. Kichwa na mabega viko juu, ile tisa iko shingoni, na maji ya pale ni meusi, si meusi ya uchafu bali ya kina. Ananipungia mkono. Naangalia saa yangu. Ilikuwa saa nne sasa hivi, na sasa ni saa nane na nusu.

"Tusekile! Rudi!"

Sauti ilitoka, ikafika kama hatua mbili mbele yangu, ikaanguka mchangani, ndogo kama punje ya mahindi. Korongo akaidonoa akaimeza. Ubao ukanikumbusha sheria ya kwanza.

Basi nikapiga hatua kuingia majini, na mguu wangu ukakanyaga zulia.

Ni sebuleni kwa mama mkwe, Tukuyu. Vitambaa vya kufuma viko kwenye kila kochi kama kawaida. Meza imeandaliwa. Mama mkwe ameketi mbele ya birika, amevaa kitenge chake cha kanisani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Subi. Ingia na viatu, hamna shida."

Hilo lilinitisha kuliko kambale. Tangu niolewe sijawahi kuona mtu akiingia na viatu katika nyumba ile, hata mchungaji huvua.

"Mmetoka saa ngapi ziwani?" akauliza huku akimimina chai.

"Saa tisa, mama."

Akaangalia saa ya ukutani. "Sasa ni saa tisa kasoro robo."

"Ndiyo, mama."

"Basi mmeshatoka."

Daftari lilikuwa mkononi mwangu, limefunguka kwenye ukurasa wenyewe, na mwandiko ulikuwa mzuri.

"Ndiyo, mama," nikasema.

Alikuwa amemimina vikombe vitatu. Kimoja akakitia sukari vijiko vitatu, maana Tusekile hanywi chai, anakunywa sukari. Akakifunika kwa kisosi.

"Chai yake inapoa," akasema. "Yuko nje anavua viatu?"

Katikati ya meza kulikuwa na beseni limefunikwa kitambaa. Mama mkwe akafunua. Ndani ya beseni mlikuwa na ziwa, na mianzi imeota ukingoni, na ukungu umetanda upande mmoja. Katikati palikuwa na kitu kidogo kama punje ya mtama. Kutoka kwenye punje ile kulikuwa na uzi wa bluu unaotiririka majini. Mkia wa tisa ulikuwa umeanza kuyeyuka.

"Hiki nini?" akauliza, akielekeza kijiko.

Nilijua ni nini. Mtu anaweza kuniuliza kwa nini sikusema, na mimi nimejiuliza hivyo hivyo. Nilikuwa nimempa neno langu, na neno lenyewe limeandikwa, na yeye alikuwa ananitazama kwa imani.

"Labda ni majani ya chai, mama," nikasema.

"Basi saa tisa nitayamwaga haya maji," akasema. "Nataka kudeki. Ilimradi wote mmetoka."

"Mama, usimwage!"

"Kwa nini, mwanangu?" Alishangaa kweli, hakuwa na ubaya wowote. "Si mmeshatoka? Si umeandika?"

Akalishika beseni kwa mikono miwili, huku na huku, akaiangalia saa ya ukutani na kusubiri. Nikageuka nikakimbia. Mlango wa sebule ukanitoa langoni kwa ziwa.

Kambale anafunga ofisi. Ameshakunja miguu ya meza na sasa anarudisha kalamu kwenye kopo. Nje ya lango, karibu na gari, wale saba wamesimama wima wakipiga miayo. Ni saa tisa kasoro dakika tano.

"Kuna mtu ndani!" nikamwambia.

"Hakuna." Akanyoosha sharubu kwenye ukurasa. "Mstari wa tisa, Tusekile, ametoka saa tisa. Tukiamua kumtafuta, tutamtafuta nani? Huyu ametoka."

"Mimi ndiye niliyeandika!"

"Ndiyo maana tunaamini. Mwandiko wako hauna shaka."

"Basi futa."

Alinitazama kwa huruma, kama karani anayemtazama mtu aliyeleta fomu isiyo na mhuri. "Katibu, kanuni ziko nyuma ya jalada."

Nikaligeuza daftari. Mahali ambapo huwa kuna jedwali la kuzidisha kulikuwa na sentensi mbili. Mtu hufuta la kwake tu. Saa ya kutoka huandikwa na aliyekuona ukitoka.

Niliisoma ile ya pili mara mbili. Miaka mitatu nimeandika saa za kutoka za watu ambao hata viatu vyao vilikuwa havijapata tope.

"Na nikifuta la kwangu?" nikauliza.

Kambale akaliacha lile kopo la kalamu. "Lango halifungwi mstari ukiwa wazi. Lakini utakuwa umo. Na hawa walio kama hapo juu, nao watakuwamo."

"Katibu," Bwana Kapyela akaita kutoka kwenye gari, "mimi jioni nina kikao cha harusi. Nimeshapewa uenyekiti."

"Na atakayekuandika kutoka ni nani?" kambale akauliza. "Ni lazima awe amekuona."

"Sijui," nikasema.

Nilikuwa sijawahi kuacha mstari wazi maishani mwangu. Nikaikata ile "saa tisa" yangu kwa mstari mmoja, na mara hiyo wale saba wakatoweka pale garini na kutokea nyuma yangu, ndani ya lango, wakiguna.

"Haya," akasema kambale, akaikunjua tena miguu ya meza. "Umo."

Nateremka tena. Njia ni ndefu kuliko ile ya kwanza. Mianzi yote imeshapigwa picha na kuondoka, pamebaki weupe huku na huku, na ubao wa sheria umelala chali njiani nami naruka juu yake. Wale saba wananifuata hatua kwa hatua bila kupenda.

Nikafika ufukweni, nikaangalia ng'ambo. Juu ya ukingo wa kilima, kule juu kabisa, kulikuwa na vidole vinne vikubwa vya kahawia. Kimoja kilikuwa na pete ya ndoa iliyochakaa, ninaijua pete ile. Upande huu nyuma yangu kulikuwa na vidole vingine vinne. Ziwa zima lilikuwa limeanza kuinama.

"Subi," sauti ikasema kutoka mawinguni, ya upole tu, "saa tisa imefika. Nimwage?"

"Bado, mama!" nikapiga kelele, na safari hii sauti haikuanguka. "Nimo! Mama, mimi nimo!"

Vidole vikatulia.

"Aa," ikasema ile sauti. "Kumbe umo. Si ungesema."

Ziwa likarudi sawa taratibu. Maji yaliyokuwa yamepanda upande mmoja yakashuka, na nikaingia nayo. Nilijifunza kuogelea nikiwa na miaka thelathini na mbili, kwa hiyo naogelea kama mtu anayefuata maelekezo: mkono, pumzi, mkono, pumzi. Nyuma yangu wale saba nao wanafanya vivyo hivyo kwa vistari vyao. Maji ni baridi hadi kwenye meno. Chini yangu hakuna kitu, na naihisi hiyo hali ya kutokuwa na kitu ikinigusa tumbo.

Nilipomfikia Tusekile, ile tisa ilikuwa imebaki kiduara cha juu tu, chembamba, chenye rangi ya maji yaliyosuuziwa kalamu. Kidevu chake kilikuwa ndani ya maji. Hakuwa akihangaika. Alikuwa ametulia, na utulivu ule ulinitisha kuliko kama angepiga mayowe.

"Wifi," akasema.

"Kwa nini hukuniita?"

"Ubao unasema tusipige kelele."

"Tusekile!"

"Na nilikuona ukiandika kwamba nimetoka." Maji yakamwingia mdomoni, akayatema kwa adabu. "Nikasema basi, labda nimetoka. Wewe ndiye katibu. Ningeitaje watu na mimi nimeshatoka?"

Nikalia palepale majini, na sioni haya kulisema. Nilimshika kifundo cha mkono kwa nguvu zangu zote. Kile kiduara cha wino kikakatika, kikaenda zake, na uzito wake wote ukawa mkononi mwangu.

"Hujatoka," nikamwambia. "Umo. Umo na mimi. Piga miguu."

Akapiga miguu. Wale saba wakapiga vistari. Sijui tulifikaje.

Korongo alikuwa anatungoja ufukweni. Tusekile alipokanyaga mchanga, korongo akainama, akaubandua ule unyayo wenye kidole kilichopinda, akauweka kwenye rundo la kurudi, akaruka na kuondoka.

Langoni nikamsukuma Tusekile atangulie. Akavuka. Nilimwangalia akivuka mguu kwa mguu, hadi kisigino cha mwisho.

"Umemwona?" kambale akauliza.

"Nimemwona kwa macho yangu."

Akanipa kalamu. Nikaandika chini ya mstari wa tisa, na kwa mara ya kwanza mwandiko wangu ulikuwa mbaya: Tusekile ametoka, nimemwona.

"Sasa wewe," akasema kambale. "Yeye aliye nje akuandike."

Tusekile akachukua kalamu. Ni lazima niseme kwamba wifi yangu anaandika polepole na kwa herufi kubwa mno. Akiandika orodha ya sokoni, nyanya peke yake inajaza ukurasa. Nikavuka lango. Au nilikuwa navuka. Mguu mmoja ulikuwa nje na mmoja bado ndani. Wale saba nyuma yangu wakanyoosha shingo kuangalia.

"Saa ngapi, wifi?" akaniuliza.

"Niangalie mimi," nikasema. "Ukiniona nimetoka, andika."

Akanitazama, akainama, akaanza. S. Akavuta pumzi. A. A nyingine. Maji yalikuwa yanamdondoka kwenye nywele na kuanguka juu ya ukurasa, na nilitaka kumwambia afanye haraka, nikajizuia. Akaruka nafasi. T. Akaweka I, ambayo yeye huiwekea nukta hata ikiwa kubwa, akainua kalamu kutafuta pa kuiweka nukta yake.

Nikaamka.

Ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi. Mume wangu anakoroma. Jikoni hakukuwa na mtu, na mlango wa chumba cha Tusekile ulikuwa bado umefungwa. Nikaenda barazani kuangalia majaketi kwenye kamba. Yalikuwa manane, makavu, la mwisho lina zipu mbovu. Nilijua tangu jana kwamba ni manane. Nikajicheka kidogo, nikasema ni ndoto tu, ni ile simu ya mama.

Daftari lilikuwa ndani ya mkoba wa safari, chini ya nguo, mahali nilipoliweka mwenyewe Ijumaa jioni na kufunga zipu. Nikafungua ukurasa wa leo. Majina tisa yako vilevile. Vistari viwili viko. "Laifu jaketi 9" ipo, ya bluu. Kwenye mstari wangu, "saa tisa" yangu ilikuwa imekatwa kwa mstari mmoja uliotetemeka. Pembeni yake, kwa herufi kubwa zilizovuka mistari, palikuwa na neno ambalo halikumalizika.

SAA TI

Ile I haikuwa na nukta.

Nilikaa kwenye ngazi ya jikoni na daftari mapajani hadi Tusekile alipotoka chumbani akipiga miayo, amevaa ile kaptula ya kaka yake aliyoikaza kwa mkanda wa gauni.

"Wifi, mbona umekaa kama una msiba? Tunaenda, hatuendi?"

"Tunaenda," nikasema. "Jaketi langu utavaa wewe. Mimi nakaa ufukweni, nakuangalia."

"Siku nzima?"

"Siku nzima."

Nikafuta ile tisa ya majaketi kwa wino mweupe nikaandika nane. Nikafuta vistari vyote na saa zote za kutoka, safu nzima, ikabaki nyeupe. Isipokuwa ile moja ya kwangu, ambayo sikuthubutu kuigusa. Kisha nikampa kalamu.

"Hii shika wewe leo. Jioni, mimi nikishavuka lango na miguu yote miwili, ukaniona, utamalizia hapa."

Tusekile akaangalia pale nilipomwonyesha. Akalisogeza daftari karibu na dirisha.

"Lakini huu ni mwandiko wangu," akasema. "Nimeandika lini?"

"Bado hujamaliza," nikamwambia, nikaenda kumtilia chai yake, sukari vijiko vitatu.